Nnko si Inko: Jina la Askari na Mizani Iliyopotea

Yeyote aliyejifunza kutunga shairi la Kiswahili anajua kwamba neno "nchi" lina mizani mbili. Herufi N ya mwanzo haina irabu ya kuiegemea, lakini inahesabiwa. Ndivyo ilivyo katika "nne" na "nta", na ndivyo ilivyo kwa M katika "mtu" na "mbwa". Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha vijana wa sekondari jambo hili, na kila mwaka walikuwapo waliobisha kwamba herufi moja haiwezi kuwa silabi. Niliwaambia wapige makofi wanapotamka, nao walisikia wenyewe.

Somo hilo dogo ndilo lililomrudishia marehemu baba yangu utumishi wake wa jeshi. Nimeombwa mara kadhaa nilisimulie, nami nimeona niliweke hapa, kwa kuwa ni habari ya lugha kama ilivyo habari ya historia.

Sisi ni wa ukoo wa Nnko, mmoja wa koo za Wameru wanaoishi katika miteremko ya Mlima Meru. Baba aliandikishwa jeshini mwaka 1942 akiwa kijana, akaingia King's African Rifles, kikosi ambacho wazee wetu walikiita Keya. Neno hilo lilitokana na herufi tatu za kifupisho cha jina la kikosi, K.A.R., zilizotamkwa kwa haraka na ndimi za Kiswahili. Neno Kariakoo lina asili ya namna hiyo hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Watu wetu walilikarabati kwa ndimi zao mpaka likawa Kariakoo, na leo ndilo jina la soko maarufu kuliko yote Dar es Salaam.

Nayataja maneno haya ili msomaji aone kwamba kila lugha hutengeneza upya neno la mgeni ili liingie kinywani mwake. Sisi tuliyatengeneza maneno yao, nao waliyatengeneza majina yetu. Hapo hapana dhambi. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na daftari, na kilichoandikwa katika daftari kiliamua nani alipwe, nani avishwe nishani, na nani aandikwe juu ya jiwe akifa.

Katika vita ile ya kwanza, ambayo ilifika hapa kwetu kwa mapigano ya Longido mwezi Novemba 1914 na kwa Waingereza kuingia Arusha mwezi Machi 1916, wapagazi wapatao milioni moja walitumika upande wa Waingereza. Waliokufa kwa homa, kuhara, njaa na uchovu wanakadiriwa kufikia 95,000 au zaidi. Sanamu ya Askari iliyopo Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawakumbuka kwa maneno mazuri, yakiwemo ya Kiswahili, lakini haitaji jina la mpagazi hata mmoja. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti mwezi Aprili 2021 ikakiri kwamba Waafrika, Wahindi na wengineo wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa kwa sababu ya vita ile hawakuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Radhi ni jambo jema, ila haikupi jina ambalo halikuandikwa siku ile.

Waliopigana upande wa Wajerumani nao walikuwa na shida yao ya karatasi. Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambako sasa ni Mbala nchini Zambia, mwezi Novemba 1918, askari wake walikuwa wanadai mishahara. Wengine walipewa vyeti vya ahadi. Ahadi hiyo ililala kwa miaka 46, mpaka mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipoidhinisha malipo. Vitabu vya historia vinasimulia kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, na kwamba waliokuwa na vyeti walikuwa wachache mno. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, wengine hawakuwa na kitu. Afisa aliyeleta fedha alimwita kila mzee mbele, akampa ufagio badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemwa kwamba hapana hata mmoja aliyekosea.

Baba alikipenda kisa hiki kuliko vyote nilivyomsomea. Alicheka, kisha alinyamaza. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, hao walibahatika. Walipata mtu aliyekubali ushahidi wa mwili. Mimi nani atanipa ufagio?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Alipitia Ceylon kwa mafunzo, kisha akapelekwa Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, wakisukuma magari kwenye tope, mpaka mto Chindwin, ambako daraja la Kalewa lilijengwa mwezi Desemba. Alirudi mwaka 1946 akiwa na cheti cha kuachishwa jeshi, akakiweka ndani ya kopo la chai, akajenga Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima.

Wenyeji wa Arusha hawahitaji kuelezwa kilichofuata. Mwezi Novemba 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikatawanyika na mingi ikafa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York kueleza habari hiyo, na dunia ikamsikia ingawa ardhi haikurudi wakati ule. Nyumba ya baba ilikuwa miongoni mwa zilizoungua, na kopo lilikuwa ndani. Kwa hiyo mtu aliyevuka bahari kuipigania serikali alibaki bila karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kuitumikia.

Kwa miaka zaidi ya thelathini hakulifuatilia. Mwaka 1984, nilipokuwa mwalimu kijana miaka michache baada ya kutoka chuo cha ualimu, aliniita akaniambia anataka Burma iandikwe. Sikumwelewa. Nilidhani anataka fedha. Alinikemea kwa upole: "Fedha zao sizihitaji. Nataka wajue nilikuwapo."

Nilimwandikia barua kwa taipureta ya shule, nikaipeleka Posta karibu na Mnara wa Saa. Ilikwenda kwenye ofisi moja ya kumbukumbu za jeshi ng'ambo. Majibu yalikuja baada ya miezi mingi: hapana mtu mwenye jina hilo katika kumbukumbu za kikosi hicho. Tuliandika tena, mara hii tukiongeza namba yake ya jeshi, ambayo aliikumbuka kama sala, kwa Kiingereza, tarakimu moja moja. Majibu ya pili yalikuwa mazito zaidi kuliko ya kwanza. Namba ipo, walisema, lakini ni ya mtu mwingine aitwaye Inko. Utumishi wake Burma umethibitishwa na nishani zake hazijawahi kudaiwa. Iwapo tunamfahamu, tumwombe awasiliane nao.

Nilimsomea baba. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Inko ndiyo sajini alivyokuwa akiniita. Nilidhani ulimi wake ni mzito. Sikujua kwamba karani naye aliandika hivyo."

Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili alipopata kazi. Karani wa Kiingereza alisikia jina linaloanza na N mbili zisizo na irabu mbele yake. Kwa sikio lake sauti hiyo haikuweza kusimama, naye akaitafutia mahali pa kuegemea, akaongeza I. Alifanya kile kile tulichofanya sisi kwa Carrier Corps. Niliandika barua ya kurasa tatu. Sikulalamika. Nilieleza kwamba katika Kiswahili, na katika Kimeru pia, N inaweza kuwa silabi kamili. Nilitoa mifano ya "nne" na "nta", nikaeleza jinsi watunzi wa mashairi wanavyoihesabu. Niliandika kwamba katika ukoo wetu na koo jirani sijapata kusikia mtu aitwaye Inko.

Hawakuridhika na sarufi peke yake, na sikuwalaumu. Walitaka viapo. Tulitafuta wazee wawili waliokuwa pamoja naye kikosini, mmoja akiishi upande wa Usa River na mwingine mjini. Walikwenda mbele ya hakimu Arusha wakaapa kwamba yule aliyeitwa Inko kwenye gwaride ndiye huyu Nnko wanayemjua. Mmoja wao hakujua kuandika, akaweka dole gumba. Hakimu alipomwuliza amemtambuaje, alijibu kwamba mtu aliyebebana naye machela hawezi kumsahau.

Wakati huo nilisoma pia habari za Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya aliyekuwa na batalioni ya 6 ya Keya, batalioni ya Tanganyika, kule Colito, Ethiopia. Aliuawa tarehe 19 Mei 1941 akiwa amerukia kifaru cha Waitaliano, na alitunukiwa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya Uingereza, mwezi Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Ushujaa wake sina shaka nao. Niliona tu kwamba hata tendo kama lile lilihitaji watu wa kuliandika, na muda, na jina ambalo hapana karani aliyeshindwa kulitamka. Kambi ya Dar es Salaam iliitwa Colito kwa heshima ya mapigano yale. Ndiko yalikoanzia maasi ya askari ya Januari 1964, na leo kambi ile inaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Taifa nalo hurekebisha kumbukumbu zake, tena hufanya hivyo kwa majina.

Mwaka 1986 barua ya mwisho ilifika. Kumbukumbu ilikuwa imerekebishwa: kando ya Inko waliandika Nnko, kwa herufi zake zote. Baada ya barua kilikuja kisanduku kidogo. Ndani yake mlikuwa na Nyota ya Burma, ya shaba, yenye ncha sita, na utepe wa buluu iliyokoza wenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari ya rangi ya chungwa pembeni.

Baba aliishika kiganjani. Aliigeuza nyuma akaitazama. Mgongo wa nyota ulikuwa mtupu. Aliniuliza, "Jina liko wapi?"

Ilinibidi nimweleze kwamba Waingereza walichonga jina la askari kwenye ukingo wa nishani za vita ya kwanza, lakini nyota za vita ya pili walizitoa bila majina, kwa askari wao weupe na kwa wetu sawasawa. Alitikisa kichwa. "Basi iliyo muhimu ni ile barua," akasema. Nyota aliwapa wajukuu waichezee, akawaonya tu wasiipoteze. Barua aliiweka ndani ya kopo jipya.

Alifariki miaka sita baadaye. Kwenye jiwe la kaburi tuliandika jina lake, tukimsimamia fundi mpaka alipomaliza N ya pili, maana alitaka kuandika moja akisema inatosha.

Mwaka 2019 magazeti ya nje yalichapisha habari ya nyaraka zilizoonyesha kwamba bahashishi ya kumaliza vita aliyolipwa askari Mwafrika wa makoloni ya Uingereza ilikuwa karibu theluthi tu ya ile ya askari mweupe wa cheo hicho hicho. Watu waliniuliza kama baba angedai tofauti hiyo. Sijui angesema nini. Ninachojua ni kwamba askari wa kudai wamekwisha karibu wote, na kwamba kila dai la namna hiyo huanza kwa kuthibitisha kwamba mtu fulani alikuwapo, kwa jina lake.

Shaaban Robert alitutungia utenzi wa vita ile ya 1939 hadi 1945, na Muhanika akatutungia wa vita ya Kagera. Tenzi hutunza vita. Majina ya watu wa nyumbani ni kazi yetu wenyewe. Waliokwenda Kagera mwaka 1978 na 1979 bado wako nasi, wengi wakiwa na umri kama wangu. Kama baba, mjomba au kaka yako ni mmoja wao, chukua daftari leo, umwulize jina lake kamili, namba yake, kikosi chake na mahali alipopita. Umsomee ulichoandika, herufi kwa herufi. Akikuambia N ni mbili, ziandike zote mbili.