Wimbo Uliotoka Matangani



Mwezi wa Agosti 1932, Thomas Dorsey, Mwamerika mweusi, mpiga piano na mtunzi, alitoka Chicago akaenda St. Louis kuimba katika mikutano ya injili. Mkewe Nettie alibaki nyumbani, karibu kujifungua. Huko huko telegramu ikamfikia: Nettie amefariki akijifungua. Mtoto wa kiume naye hakukaa. Dorsey akawazika mama na mwana katika jeneza moja.

Alimkasirikia Mungu. Akaazimia kuacha nyimbo za injili na kuurudia muziki wa blues alioupiga zamani. Lakini siku chache baadaye aliketi mbele ya piano, akashika tuni ya zamani ya kanisa, akatia humo ombi lake mwenyewe, ombi la mtu aliyeishiwa nguvu. Ndio wimbo Mahalia Jackson aliouimba katika mazishi ya Martin Luther King, mwaka 1968. Kilio cha mmoja kikawa faraja ya wengi.

Nasi, mtu akifiwa, twafanya haraka kumwambia, "Jikaze, ni mapenzi ya Mungu." Mtunga Zaburi ya 13 hakujikaza. Alianza kwa kumwuliza Mungu, akamaliza kwa kuimba. Basi tusimzibe kinywa aliyefiwa. Tuketi naye mpaka aipate sauti yake.

Na tuombe. Ee Bwana, wafariji wanaoomboleza asubuhi hii, uwape wimbo wao. Amina.