Vidole Viwili vya Jadotville

Mwaka 1962 jarida la African Music, lililokuwa likitolewa Afrika Kusini, lilichapisha ndani ya toleo moja makala mbili ambazo wasomi wa nadharia ya muziki bado wanazirejea. Moja iliandikwa na Gerhard Kubik, kijana wa Vienna aliyekuwa amejifunza marimba ya amadinda mjini Kampala kwa fundi Evaristo Muyinda. Nyingine ilikuwa sehemu ya pili ya uchambuzi wa David Rycroft, mhadhiri wa London, kuhusu gitaa la Mwenda Jean Bosco wa Jadotville.

Jadotville ndiyo Likasi ya leo, katika eneo la Katanga nchini Kongo. Wabelgiji waliupa mji huo jina la mhandisi Jean Jadot, nao ukalibeba hadi mwaka 1966. Ulikuwa mji wa shaba: mitambo ya kampuni ya Union Minière huko Panda na Shituru iliyeyusha na kusafisha madini, na kambi za wafanyakazi zilijaa watu wa kutoka Kasai, nchi ya Wabemba na kwingineko. Kiswahili kiliwakutanisha kazini, sokoni na kwenye nyimbo.

Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya Msiri, mtawala wa karne ya 19 ambaye watu wake, Bayeke, walitoka Unyamwezi kufuata shaba na pembe za ndovu. Ndiyo maana baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Mjini alishika kazi ya ofisini, na gitaa likawa la baada ya saa za kazi.

Mapema mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville na mashine yake ya kurekodi. Mwingereza huyu alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Muziki wa Kiafrika, na mwaka 1954 angeanzisha maktaba kubwa ya muziki, ILAM, huko Roodepoort. Alimrekodi Bosco, na Gallotone ya Johannesburg ikatoa sahani. Wimbo wa "Masanga" ukasambaa mbali na Katanga.

Aliyeusikia kwa mara ya kwanza angeweza kudhani wanapiga watu wawili. Kumbe alikuwa mtu mmoja, na alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Gumba liligonga nyuzi nene na kutunza mwendo wa besi. Kidole cha shahada kilichomoa melodia kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingi katikati ya pigo na pigo. Sauti ya mwimbaji ilipoingia ikawa ya tatu, na kila ubeti ulipojirudia vidole vilibadilisha kitu.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyomshughulisha Rycroft. Alichambua nyimbo zilizorekodiwa, akaziandika kwa nota na kuonyesha jinsi sehemu zinavyopishana. Sehemu ya kwanza ya kazi yake ilitoka mwaka 1961, mwaka uleule ambao askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa na kutekwa Jadotville katika vita vya Katanga.

Makala ya Kubik ilihusu ala za Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa jumla, ila hoja yake inalihusu gitaa pia. Nota zinaporuka mbali kati ya juu na chini, alieleza, sikio hukusanya zinazokaribiana na kusikia melodia ambayo hakuna mkono wowote unaoipiga peke yake. Kwa hiyo nota za kile kinachosikika hazitoshi. Mchambuzi lazima ajue pia mikono inafanya nini.

Hapo sahani za santuri zilikuwa na upungufu: zilibeba sauti, hazikubeba vidole. Wapiga gitaa wa Kenya walikuwa na bahati zaidi, kwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco mwenyewe alikwenda Nairobi, akapiga redioni na kutangaza dawa ya Aspro. Binamu yake, Edouard Masengo, naye alifika huko na kuimbia Coca-Cola.

Wasomi walichelewa kuitazama mikono hiyo. ILAM ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown, mwaka 1978, chini ya Andrew Tracey, mwana wa Hugh. Mwaka 1980 chuo hicho kilikuwa mwenyeji wa Kongamano la Etnomuzikolojia, lililokuja kuwa mkutano wa kila mwaka wa watafiti wa kusini mwa Afrika. Mnamo Desemba mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulizitaka nchi wanachama zisishirikiane kitamaduni na serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini. Mkutano uliostahili kuwaalika mafundi wa Likasi ulikuwa ndani ya nchi iliyosusiwa.

John Low, mpiga gitaa wa Uingereza, alipita njia nyingine. Mwaka 1979 alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akajifunza kwa Bosco, Masengo na Losta Abelo huku akiitazama mikono yao. Kumbukumbu za safari hiyo zilichapishwa mwaka 1982. Mwaka huohuo African Music ilitoa historia yake ya gitaa la Kenya, ambamo vijana wa Nairobi na wa magharibi ya nchi wanaonekana wakijipimia kwa sahani za Katanga.

Bosco alirekodi tena Cape Town mwaka 1988, miaka 36 baada ya kukutana na Tracey. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, na rekodi hiyo ikauzwa Marekani baada ya kifo chake.