Keki Bila Sukari Si Mambo ya Wadosi

Wasee, wacha nianze na keki iliyoniaibisha.

Shosho wangu aliambiwa kliniki kwamba ako na sukari. Huyu ndiye alinifunza kuoka keki ya sufuria hapa Mbotela: mchanga chini, makaa juu ya kifuniko, na hufunui hadi harufu ifike kwa jirani. Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia, kila mtu nyumbani alishakubali kwamba tutakula keki yeye akitutazama. Mimi nikakataa. Nikaoka bila sukari hata kijiko kimoja.

Ilitoka tofali. Shosho akaonja, akaniangalia, akauliza, "Mjukuu wangu, hii ni keki ama ni adhabu?"

Binamu yangu akamalizia: "Bila sukari ni mambo ya wadosi. Sisi tumekula vitu vitamu tangu zamani." Hiyo "tangu zamani" ilinikaa kichwani. Nikaenda kusoma.

Anza na jina la mtaa wetu. Mbotela ni Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa hapa Nairobi Novemba 1952. Baba yake, James Mbotela, aliandika kitabu *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka 1934, kuhusu watu waliokombolewa utumwani wakapewa makao Freretown, Mombasa, kuanzia 1875. Yaani kila ukimwambia konda "shukisha Mbotela," unataja ukoo uliotoka kwa watu waliowahi kuuzwa.

Sasa sukari inaingia wapi? Sisemi wazee wa akina Mbotela walikata miwa. Lakini pwani hii hii, biashara ya watu na utamu zilitembea pamoja. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apate watumwa 1,000 kila mwaka. Walikuwa wanapelekwa visiwa vya Wafaransa, na kimojawapo ndicho Mauritius ya leo, kisiwa kilichokuja kugeuka shamba kubwa la miwa. Karne iliyofuata, kule Pangani ya Tanzania, si hii yetu ya hapa Nairobi, watumwa walilima miwa kando ya mto. Hata Abushiri bin Salim, yule aliyepigana na Wajerumani 1888, alikuwa na shamba la miwa huko.

Huku Kenya, kiwanda cha sukari cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza 1922. Chai ya maziwa yenye sukari, na mkate mweupe kando, ni mazoea yaliyoshika mijini wakati wa ukoloni. Kabla ya hapo watu walioka, tena vizuri. Pwani kuna mkate wa mofa, wa unga wa mtama, na ladha yake ni ya nafaka yenyewe. Kwa hivyo binamu, "zamani" yako ni fupi sana.

Lakini pia nisidanganye: tofali langu lilikuwa na sababu. Kwenye keki sukari haileti utamu peke yake. Inashika maji ili keki isikauke, inasaidia siagi kubeba hewa ukiipiga, na inaleta ile rangi ya kahawia. Ndiyo maana sakarini, iliyogunduliwa Marekani 1879, au stivia, ambayo siku hizi inalimwa hata Kericho, haiwezi kujaza pengo yenyewe. Utamu utaupata, lakini mwili wa keki hutauona.

Mara ya pili nikaponda ndizi tatu zilizoiva hadi ganda likawa na madoa meusi. Nikatia tui la nazi, mayai, na iliki ya kutosha. Ikaumuka, ikabaki laini. Jamani, ndizi nayo iko na sukari yake, na unga vilevile unageuka sukari mwilini, kwa hivyo shosho alikula kipande kimoja chembamba, si robo sufuria. Na msitupe dawa zenu juu ya post yangu.

Lakini alikula pamoja na sisi, na hiyo ndiyo point yangu. Tumelipa ugonjwa jina la kitu tunachokipenda, "ako na sukari," halafu mgonjwa tunamtenga mezani kama aliyekosea. Mtu akipunguza sukari tunamcheka ati anajifanya mdosi, na sukari yenyewe ndiyo mgeni. Iliki, nazi na mtama vilikuwa hapa kitambo.

Shosho alipomaliza alilamba kidole akasema, "Mwaka ujao ongeza iliki." Kwake hiyo ni A.

Kwenu nani ako na sukari, na mara ya mwisho mlimwokea nini?