Ngogo katika tangi la samaki
Ngogo (jenasi Synodontis) ni samaki wa maji baridi wa Afrika, asiye na magamba, anayetafuta chakula chini kwa jozi tatu za ndevu. Anayefaa sana kufugwa nyumbani ni Synodontis petricola wa miamba ya Ziwa Tanganyika, samaki mpole wa takriban sentimita 10. Afugwe kwa kundi, kwenye mchanga laini, maana changarawe kali huchubua ndevu, na apangiwe mawe yenye mapango. Maji yawe nyuzijoto 24 hadi 27, yenye pH inayozidi 7.5. Alishwe jioni, taa zikizimwa. Asivuliwe kwa wavu: miiba ya mapezi yake hunasa vibaya; chombo kigumu ni salama zaidi.