Selimundu: Kwa nini wazazi wenye afya huzaa mtoto mgonjwa

Mtoto hurithi jeni zake kwa jozi: nakala moja ya baba, nyingine ya mama. Msingi wa kanuni hiyo uliwekwa na mtawa Gregor Mendel, aliyechapisha mwaka 1866 matokeo ya uchunguzi wake wa mimea ya njegere. Ndiyo inayoeleza selimundu, maradhi ya damu yaliyoenea nchini Uganda na kandokando ya Ziwa Victoria.

Mwenye nakala moja yenye kasoro huitwa mbebaji, na kwa kawaida haugui. Wabebaji wawili wakizaa, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa, 50 mbebaji, na 25 asiye na kasoro hiyo. Kuugua kwa mtoto wa kwanza hakumkingi wa pili.

Mwaka 1954, mtafiti Anthony Allison alionyesha kuwa wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu jeni hiyo imedumu Afrika Mashariki.

Kwa kuwa ugonjwa hutoka pande zote mbili, kumlaumu mama peke yake hakuna msingi. Kipimo cha damu huwawezesha wachumba kujua hali zao mapema.