Klabu ya Rotary

Klabu ya Rotary ni chama cha hiari cha watu wa taaluma na kazi mbalimbali wanaokutana mara kwa mara na kuihudumia jamii bila malipo. Kila klabu ni mwanachama wa Rotary International, shirika lililoanzia Chicago, Marekani, ambako wakili Paul Harris na wenzake watatu walifanya kikao cha kwanza tarehe 23 Februari 1905. Klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1930, na ya Dar es Salaam mwaka 1949.

Huduma za klabu zimegawanyika katika nyanja tano: klabu, kazi, jamii, kimataifa na vijana. Nyanja ya kazi humtaka mwanachama azingatie maadili katika shughuli zake na atumie ujuzi wake kuwasaidia wengine. Mfuko wa Rotary, taasisi ya hisani ya shirika hilo, hugharimia pia timu za wataalamu wanaosafiri kufundisha au kujifunza. Ruzuku yake ya kimataifa huhitaji klabu za nchi mbili na bajeti isiyopungua dola 30,000 za Marekani.

Katika eneo kama Lushoto, kwenye Milima ya Usambara mkoani Tanga, msaada wa aina hii unaweza kuwa vyerehani, randa na misumeno ya karakana, ada za wanafunzi, au mafunzo kazini kwa walimu wa ushonaji, useremala na uashi. Mafunzo ya ufundi stadi Tanzania Bara hutolewa pia na VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.