Neno "Safu" na Fumbo la Picha kwa Namba

Mwaka 1987, mjini Tokyo, msanifu wa michoro aitwaye Non Ishida alishinda mashindano kwa kuunda picha kwa taa za majengo marefu, madirisha mengine yakiwashwa na mengine yakizimwa. Kutokana na wazo hilo likazuka fumbo: mchezaji hupewa jedwali la visanduku vitupu, na namba za pembeni humwambia ni visanduku vingapi vifuatanavyo avitie weusi, hata picha ijitokeze. Yapata wakati huo huo Tetsuya Nishio, mtunzi wa mafumbo wa huko huko Japani, naye alilibuni pasipo kumtegemea mwenziwe.

Fumbo hili lilibadili jina kila lilipotua. Ishida aliliita sanaa ya madirisha. Mwaka 1990 James Dalgety wa Uingereza aliunda jina nonogramu kutokana na jina Non, na gazeti la Sunday Telegraph likaanza kulichapa kila juma. Mwaka 1998 gazeti lilo hilo liliwataka wasomaji wachague jina jingine. Likapatikana Griddlers, litokanalo na umbo la jedwali. Warusi huliita fumbo la maneno la Kijapani, ijapokuwa ndani yake hamna neno hata moja!

Kwetu sisi jina si tatizo kubwa. "Fumbo la picha kwa namba" latosha. Tatizo limo katika maelezo ya kulifumbua, na hasa katika neno "safu". Mfasiri aandikapo "jaza safu ya tatu", msomaji aliyezoea safu za gazeti atashuka kutoka juu kwenda chini. Mwenziwe, ambaye safu kwake ni ya milima au ya walinzi uwanjani, atakwenda kutoka upande hadi upande. Wote wawili wanakijua Kiswahili sawasawa, na mmoja wao ataiharibu picha. Kwa hiyo hapana budi tuseme safumlalo na safuwima, wala tusiliache neno "safu" peke yake hata kwa kufupisha.

Tutazame mfano. Safumlalo ina visanduku 10 na namba yake ni 7. Weusi ukianzia kushoto, utashika kisanduku cha 1 hadi cha 7. Ukisukumwa hadi mwisho wa kulia, utashika cha 4 hadi cha 10. Namna hizo mbili hupandana, kama bati lipandavyo bati jingine juu ya paa, kwenye cha 4 hadi cha 7. Vinne hivyo ni vyeusi kwa vyovyote vile, na hakuna kilichobahatishwa. Napendekeza hatua hii iitwe mpandano.

Sasa, ikiwa safumlalo hiyo ndiyo ya kwanza juu, na safuwima ya 5 ina namba 3 tu, basi visanduku vitatu vya juu vya safuwima hiyo ni vyeusi, na vyote vilivyobaki chini yake vimefungwa. Nasema "vimefungwa" kwa makusudi. Kisanduku kitupu ni kile ambacho bado hakijaamuliwa. Kilichofungwa kimekwisha kuamuliwa kwamba hakitatiwa weusi, nacho hutiwa nukta au msalaba. Maelezo yaitayo vyote viwili "vitupu" humnyima mchezaji nusu ya yale aliyokwisha kuyathibitisha.